UZI: Haki za mpiga kura ziandikwe vipi ili aliye kwenye foleni azielewe?

MwandishiWaUmma (mwanzisha uzi)

Wakuu, naomba tujadili kwa kina kazi ambayo kila uchaguzi ukikaribia hufanywa kwa haraka na kwa mazoea: kutoa haki za mpiga kura kwenye sheria na kanuni na kuziweka kwenye vipeperushi, mabango ya vituoni, tovuti, ujumbe wa simu na redio. Walio kwenye tume za uchaguzi, asasi za elimu ya mpiga kura, wahariri, wafasiri na wasanifu wa kurasa, karibuni sana.

Naanza na msimamo wangu. Msamiati mgumu unalaumiwa kuliko unavyostahili. Kinachoangusha maelezo mengi ni mpangilio. Sheria hupangwa kwa kufuata majukumu ya wasimamizi: uteuzi wa maofisa, daftari, wagombea, upigaji kura, kuhesabu, mashauri. Mpiga kura hakutani na mambo kwa mtiririko huo. Yeye hukutana na tukio: jina halionekani kwenye orodha, kadi imepotea, amefika dakika za mwisho na foleni bado ndefu, haoni vizuri, amekosea kuweka alama, kuna mtu anamchungulia. Kila tukio lina haki yake, ila zimetawanyika kwenye vifungu vilivyo mbalimbali, na nyingine zimo kwenye kanuni tu. Kipeperushi kinachofupisha sheria sura kwa sura hurithi kasoro hiyo hata kama kila neno limelainishwa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi hata moja, chora jedwali la safu nne:

1. Tukio, kwa maneno ambayo mpiga kura mwenyewe angeyatumia.
2. Haki, wajibu au katazo linalohusika, pamoja na namba ya kifungu.
3. Afanye nini hapohapo alipo.
4. Akikataliwa amwone nani, kwa njia ipi, na kabla ya lini.

Safu ya kwanza ijazwe kabla sheria haijafunguliwa. Vyanzo vyake ni maswali yaliyopokelewa kwenye simu ya huduma, malalamiko ya uchaguzi uliopita, na yale wanayoulizwa makarani vituoni. Ukianza na sheria utaandika majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Safu ya nne ndiyo hubaki tupu mara nyingi, na hapo ndipo mtu huumia. "Una haki ya kusaidiwa" imeandikwa kila mahali. Mzee aliyezuiwa mlangoni na mjukuu wake anayemsaidia hana la kufanya na sentensi hiyo. Anahitaji kujua amwite nani, aseme nini, na huyo akikataa apige simu gani.

Mfasiri_wa_Zamu

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza jambo ambalo linaweza kumkosesha mtu kura moja kwa moja: saa.

Maelezo yakitafsiriwa kutoka lugha nyingine, "7:00 asubuhi" hugeuka kuwa "saa 7 asubuhi". Kwa msomaji wa Kiswahili hiyo saa haipo. Atadhani ni saa 7 mchana, au atadhani kuna kosa la chapa na kukisia. Vivyo hivyo kwa saa ya kufunga: 4:00 ya jioni ni saa 10:00 jioni, si saa 4. Na ukiandika "saa 1:00 asubuhi (07:00)" bila maelezo unampa mtu namba mbili zinazopingana. Andika hivi:

"Vituo vinafunguliwa saa 1:00 asubuhi. Simu yako itaonesha 7:00."

Tarehe za mwisho nazo zina mtego. "Ndani ya siku 14 tangu kutolewa kwa tangazo" inamwachia mpiga kura hesabu ambayo hata mawakili hubishania: siku ya tangazo inahesabiwa? Siku za mapumziko je? Hesabu hiyo aifanye mwanasheria wa ofisi, kisha iandikwe siku, tarehe, mwezi na saa: "Mwisho ni Ijumaa tarehe 14, saa 9:30 alasiri." Jina la siku lisikosekane. Tarehe ikikosewa kwenye uchapaji, siku na tarehe zitagongana na msomaji makini atauliza mapema.

Halafu kuna maneno tunayodhani ni mepesi kwa sababu sisi tumeyazoea. Yaangalieni haya:

*Kura ya maoni.* Kuna anayesikia wananchi wanaulizwa kuhusu katiba, kuna anayesikia mchujo wa wagombea ndani ya chama, kuna anayesikia utafiti wa kuuliza watu wanampenda nani. Sema ni ipi, kila mara.

*Wakala.* Kwa watu wengi wakala ni yule wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Andika "wakala wa chama" au "wakala wa mgombea", na useme anafanya nini kituoni.

*Msimamizi.* Kuna msimamizi wa kituo, ambaye yuko palepale, na kuna msimamizi wa uchaguzi, ambaye ofisi yake inaweza kuwa mbali sana. Ukiandika "mwone msimamizi" umemwacha mtu njia panda.

*Kituo.* Alipojiandikishia na atakapopigia kura huenda pasiwe pamoja.

*Kuhakiki.* Wengi huchanganya na kujiandikisha upya. "Hakikisha jina lako lipo na limeandikwa sawasawa" inaeleweka mara moja.

*Uchaguzi mdogo.* Watu husikia "usio na uzito". Eleza kuwa ni uchaguzi wa kujaza nafasi iliyoachwa wazi, na kwamba haki zote ni zilezile.

Tabora_Kusoma

Na *kituturi*, mkuu. Ni neno sahihi kabisa lakini wapo wanaokutana nalo kwa mara ya kwanza siku ya kura. Likitumika liambatane na mchoro au maneno "mahali pa faragha pa kuweka alama".

KifunguKwaKifungu

Naheshimu nia ya uzi huu, ila naomba niseme upande wa sheria. Kila neno kwenye kifungu lina kazi. Ukilitoa ili sentensi iwe fupi unaweza kumwahidi mpiga kura kitu ambacho sheria haikumpa, akafika kituoni akagombana na karani bure. Leteni mfano tuupime.

MwandishiWaUmma

Sawa kabisa, tupime. Hii ni sentensi niliyoitunga kwa sura ya kisheria tunayoijua sote:

"Endapo mpiga kura, pasipo kukusudia, ataitumia karatasi yake ya kura kwa namna ambayo haitaweza kutumika ipasavyo kama karatasi ya kura, anaweza, baada ya kuirejesha kwa msimamizi wa kituo na kumridhisha kuhusu kutokusudia huko, kupatiwa karatasi nyingine badala ya hiyo iliyorejeshwa, nayo itafutwa mara moja."

Na hii ni ya mpiga kura:

"Umekosea kuweka alama? Usiitumbukize karatasi kwenye sanduku. Irudishe kwa msimamizi wa kituo na uombe nyingine. Atakupa."

KifunguKwaKifungu

Hapo kwenye "Atakupa" ndipo penye kosa. Kifungu kimesema msimamizi aridhike kwanza kuwa hukukusudia. Umefuta sharti na ukageuza hiari yake kuwa lazima.

MwandishiWaUmma

Kweli, nakubali. Basi: "Irudishe kwa msimamizi wa kituo. Mwambie umekosea bila kukusudia na uombe nyingine. Akiridhika, atakupa nyingine na kuifuta ya kwanza." Sharti limerudi, na bado hakuna sentensi yenye maneno zaidi ya 10. Kifungu kile kimoja kilikuwa na zaidi ya 40 kwa pumzi moja.

Ongeza hapo tofauti ambayo vipeperushi vingi huichanganya. Karatasi *iliyoharibika* ni ile uliyokosea kabla hujaitumbukiza, na hiyo kwa kawaida hubadilishwa. Kura *iliyokataliwa* ni ile iliyokwishaingia kwenye sanduku na wakati wa kuhesabu ikaonekana haisomeki nia yake au imevunja sharti. Mtu asiyejua tofauti hii akikosea hudhani kura yake imeshakufa, anatumbukiza hivyohivyo na kuondoka.

KifunguKwaKifungu

Toleo hilo la pili nalitia saini. Kumbe shida si ufupi. Shida ni kwamba wanaorahisisha hawajui neno lipi ni pambo na lipi ni sharti. Napendekeza utaratibu huu kati ya mwandishi na mwanasheria, kwa sababu bila utaratibu mwanasheria hurudisha maneno yote ya zamani na kazi inaanza upya.

Mwandishi aiwekee kila sentensi alama moja kati ya nne: haki, wajibu, hiari ya ofisa, katazo. Kila alama iwe na maneno yake na yasibadilishwe kwa ajili ya kupamba:

"Una haki ya…" kwa haki. Ofisa hana uchaguzi.
"Ni lazima…" kwa wajibu.
"Msimamizi anaweza… akiridhika kwamba…" kwa hiari.
"Hairuhusiwi…" kwa katazo.

Mwanasheria asiandike upya. Aoneshe tu sentensi ipi imekosewa alama, sharti lipi limeanguka, na kwa nini. Mwandishi ndiye arekebishe. Warudiane mpaka zisibaki alama za kupinga.

"Anaweza" ndilo neno la hatari kuliko yote kwenye kazi hii. "Mpiga kura anaweza kuonesha kitambulisho" ina maana gani? Akitaka? Akiwa nacho? Lazima? Na "ataruhusiwa" huifanya haki ionekane kama fadhila ya karani. Kama ni haki, andika ni haki.

Mfasiri_wa_Zamu

Naongeza la sarufi hapo. Kiambishi *a-* chetu hakimtaji mtu. "Msaidizi atamweleza msimamizi kuwa mpiga kura haoni na ataapa kutunza siri yake." Nani ataapa? Siri ya nani? Ukimgeuza mpiga kura kuwa "wewe" utata mwingi unaisha: "Msaidizi wako ataapa mbele ya msimamizi kwamba hatamwambia mtu yeyote ulivyopiga kura."

Na kauli ya kutendwa humficha mwenye wajibu. "Utapewa karatasi ya kura." "Taarifa zitatolewa." Na nani? Mtaje. Mpiga kura akijua ni karani wa daftari au msimamizi wa kituo, anajua wa kumdai.

Ukanushaji juu ya ukanushaji nao utolewe. "Hakuna mtu asiyeandikishwa atakayeruhusiwa kupiga kura isipokuwa…" iwe "Ili upige kura ni lazima uwe umejiandikisha", na kile kilichofuata baada ya "isipokuwa" kiwe sentensi yake yenyewe.

Mdau_Mpya

Wakuu, kuna programu za kupima ugumu wa maandishi zinazotoa alama. Zinafaa kwa Kiswahili?

Kipima_Maana

Hazifai, na zinaweza kukupotosha. Kanuni maarufu ya Flesch ya mwaka 1948 na ndugu zake zilitengenezwa kwa Kiingereza. Huhesabu silabi kwa kila neno na maneno kwa kila sentensi. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya kitenzi: "nitakapomwandikia" ni neno moja lenye silabi nane na mtoto wa shule analielewa. Kinyume chake "hati ya kiapo" ni maneno mafupi matupu, na wengi hawajui ni nini. Programu itaona la kwanza ni gumu na la pili ni jepesi.

Pimeni kwa watu. Njia ya bei ndogo ni kujaza mapengo, ambayo Wilson Taylor aliieleza mwaka 1953: unachukua kipande cha maandishi, unafuta kila neno la tano, na msomaji anajaza. Palipo na mapengo mengi yaliyokosewa pana tatizo. Inaonesha wapi pa kurekebisha, ila haikuambii kama mtu atatenda sawasawa.

Ya pili ina nguvu zaidi. Watu 5 kwa duru moja, halafu rekebisha, halafu 5 wengine, duru tatu. Wachaguliwe kwa makusudi: anayepiga kura mara ya kwanza, mwenye elimu ndogo ya shule, mzee, mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, mwenye ulemavu wa kuona. Wafanyakazi wenzako wasihesabiwe, wanajua majibu tayari.

Usiulize "Umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo kwa heshima. Mpe tukio: "Umefika kituoni, karani anasema jina lako halipo. Kwa karatasi hii, utafanya nini?" Kisha nyamaza. Angalia mambo matatu: amelipata jibu au hakulipata, alianza kutafuta wapi, na alichosema atafanya kinalingana na sheria au hakilingani. Akichukua zaidi ya nusu dakika kulipata, kichwa cha sehemu hiyo kimekosewa hata kama sentensi ni nzuri.

Makosa ya wapimaji ninayoyaona zaidi: kumsomea mtu maandishi kwa sauti (umeshamsaidia), kumtetea mwandishi msomaji akikosea, na kusahihisha palepale. Andika alichosema kwa maneno yake. Mara nyingi maneno yake ndiyo kichwa cha habari ulichokuwa unakitafuta.

Msanifu_Kurasa

Sasa niingie kwenye sura ya ukurasa, maana maneno mazuri yanaweza kuuawa na mpangilio.

Mfano unaojulikana duniani ni karatasi ya kura ya kaunti ya Palm Beach, Florida, mwaka 2000. Majina ya wagombea urais yaliwekwa kurasa mbili zinazotazamana na matundu ya kutoboa katikati, ili herufi ziwe kubwa kwa ajili ya wazee. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake, jina la pili upande wa kushoto lilikuwa na tundu la tatu, kwa kuwa la pili lilikuwa la mgombea wa upande wa kulia. Kura zaidi ya 19,000 za kaunti hiyo zilikataliwa kwa kutobolewa zaidi ya mgombea mmoja wa urais. Jimbo zima liliamuliwa kwa tofauti ya kura 537. Msichape kitu ambacho hakijajaribiwa na watu wa kawaida, hata kama mabadiliko yanaonekana ya huruma.

Vipimo vya kuanzia:

Kipeperushi: herufi za pointi 12 ndiyo ndogo kabisa, 14 ni bora. Toleo la maandishi makubwa lianzie 18. Aya nzima kwa HERUFI KUBWA haisomeki haraka. Italiki za mfululizo nazo hivyo.

Bango: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3. Kichwa kiwe cha kimo hicho au zaidi.

Rangi: kwenye skrini, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti unataka utofauti wa mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu juu ya nyeupe, ambacho wasanifu wanakipenda sana, mara nyingi hufeli. Epukeni pia rangi zinazotambulisha vyama.

Kipimo cha nakala: toa nakala ya nakala kwa mashine ya rangi nyeusi tu. Huko vituoni ndivyo bango litakavyosambaa. Ikiwa maana ilitegemea rangi nyekundu na kijani, imeshatoweka.

Mfano wa karatasi ya kura: majina yawe ya kubuni yasiyofanana na ya mtu yeyote, na alama ya mfano isiwe siku zote kwa wa kwanza. Ichapwe "MFANO" katikati kabisa, maana ukingo hukatwa.

Jambo la mwisho ni mahali. Bango la haki hubandikwa ndani, nyuma ya meza ya karani. Aliyenyimwa haki mlangoni hatalifikia kamwe. Libandikwe nje, penye foleni, na jingine chini kidogo kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Marekani, sheria ya HAVA (Help America Vote Act) ya mwaka 2002 inalazimisha kwenye uchaguzi wa shirikisho kila kituo kionyeshe hadharani mfano wa karatasi ya kura, saa za kupiga kura, maelekezo na taarifa za haki za mpiga kura. Kulazimisha kuwepo ni mwanzo mzuri. Umbali wa bango kutoka machoni pa mtu ni kazi yetu.

SautiNaNundu

Asante Msanifu. Naomba watu wenye ulemavu wasije mwishoni kama kiambatisho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 29, unataka taratibu, mahali na vifaa vya kupigia kura vifae, vifikike, na viwe *rahisi kueleweka na kutumika*. Urahisi wa kueleweka upo ndani ya mkataba wenyewe. Ibara hiyohiyo inatambua kusaidiwa na mtu uliyemchagua mwenyewe, pale inapohitajika na mpiga kura akiomba.

Kwa vitendo:

Faili la PDF lililotokana na picha ya karatasi iliyochanganuliwa halisomeki na programu za kusoma skrini. Jaribu kuchagua neno moja kwa kidole au kipanya. Likikataa kuchaguliwa, kwa asiyeona hilo faili ni tupu.

Nukta nundu ni muhimu lakini si kila asiyeona anazijua, hasa aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani. Sauti iwepo pia. Kwa redio na sauti, hesabu kama maneno 110 kwa dakika, tukio moja kwa tangazo moja, na namba ya simu isomwe mara mbili, tarakimu moja moja.

Maandishi chini ya video hayachukui nafasi ya lugha ya alama. Lugha ya alama ina sarufi yake, na kwa viziwi wengi ndiyo lugha ya kwanza. Mkalimani apewe maandishi siku kadhaa kabla, na aoneshwe kwa ukubwa wa kutosha mikono na uso vionekane.

Toleo rahisi kusoma: wazo moja kwa sentensi, picha moja kando ya kila wazo, ukurasa usiojazwa. Na hapa kuna mtego ambao naomba kila mtu aukumbuke: alama ya X. Wasanifu huweka X nyekundu juu ya picha wakimaanisha "usifanye hivi". Penye utaratibu wa kuweka X kwenye karatasi ya kura, X hiyohiyo maana yake ni "nimemchagua huyu". Kwenye maelezo ya uchaguzi, katazo lioneshwe kwa duara lenye mstari wa kukata, na liandikwe "Usi-" kando yake.

Mdau_Mpya

Na "kura ni siri" je? Inatosha hivyo?

SautiNaNundu

Haitoshi. Wapo wanaoielewa kama amri kwamba wao wasiseme. Andika ulinzi wenyewe: "Hakuna anayeruhusiwa kukuchungulia unapoweka alama. Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha useme umemchagua nani, si mwajiri, si kiongozi, si ndugu." Kisha sema kama kupiga picha karatasi ya kura kunakatazwa pale mlipo, kwa sababu swali hilo litakuja. Pia sema nani *hawezi* kuwa msaidizi. Kwa mfano, sheria ya haki ya kupiga kura ya Marekani humruhusu mpiga kura achague msaidizi, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Sababu ya kumkataza mwajiri iandikwe: ana nguvu juu ya riziki yako.

KifunguKwaKifungu

Kwa wanaohitaji hoja ya kuwashawishi wakubwa ofisini: Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, kwenye Maoni ya Jumla namba 25 ya mwaka 1996, aya ya 12, ilisema taarifa na nyenzo za kupiga kura zipatikane kwa lugha za walio wachache, na njia kama picha na alama zitumike ili wasiojua kusoma wapate taarifa za kutosha. Hiyo ni tafsiri ya ibara ya 25 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966. Serikali iliyoridhia mkataba haina sababu ya kuliita jambo hili la ziada.

Na lile swali la kuweka namba za vifungu au kutoziweka: ziwekwe, mwisho wa kila jibu, kwa herufi ndogo kidogo. Zisianze sentensi. Msomaji wa kawaida atazipita, ila siku akibishiwa kituoni atamwonesha karani karatasi na kusema "tazama kifungu hiki". Namba hiyo ni kifaa chake.

Tabora_Kusoma

Ujumbe mfupi wa simu je? Huko ndiko watu wengi walipo.

Mfasiri_wa_Zamu

Ujumbe mmoja ni herufi 160. Huu una 133 pamoja na nafasi:

"Jina lako halipo kwenye orodha? Usiondoke. Mwombe msimamizi wa kituo atafute kwa namba ya kadi. Akishindwa piga simu ya bure ya tume."

Inabaki nafasi ya kuweka namba ya simu. Tukio kwanza, kisha "Usiondoke", maana kosa kubwa la aliyekosa jina ni kurudi nyumbani.

Angalizo la kiufundi: kibainishi cha ng'. Ukinakili kutoka programu ya uandishi, huja kile kilichopinda, na hicho hakimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za simu. Kimoja tu kikiingia, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kikomo hushuka hadi herufi 70. Ujumbe mmoja unakuwa mitatu, gharama mara tatu, na kwenye simu za zamani vipande vinaweza kufika vimepinduka. Andikeni kibainishi kilichonyooka, au epukeni neno lenye ng' kabisa. Alama za nukuu zilizopinda na emoji zina madhara hayohayo.

Kipima_Maana

Wafasiri mkianza lugha nyingine, kwanza tengenezeni orodha ya istilahi kama 40 na kila mmoja azitumie zilezile. "Msimamizi wa kituo" akiitwa jina jingine ukurasa wa pili, msomaji anadhani ni mtu mwingine. Tafsiri rejea, yaani kurudisha tafsiri kwenye lugha ya asili ili kulinganisha, inasaidia kunasa namba na masharti yaliyoanguka, ila haioneshi kama sentensi inasikika kama lugha ya watu. Kwa hilo rudini kwenye wale watu 5.

Mdau_Mpya

Swali la mwisho kutoka kwangu. Bango limeshasambazwa, halafu mahakama au tume ikabadilisha utaratibu. Mnafanyaje?

MwandishiWaUmma

Swali zuri sana, na jibu lake linaanza siku ya kuchapa. Weka orodha ya kila nakala ilikokwenda: kituo gani, mabango mangapi, nani alipokea. Bila orodha hiyo huwezi kusahihisha, utaongeza tu karatasi ya pili inayobishana na ya kwanza ukutani.

Badiliko likiwa dogo, kama saa au namba ya simu, chapa stika inayofunika kabisa sehemu ya zamani. Usikate kwa kalamu, kwani mtu hajui aliyekata ni ofisa au mchokozi. Badiliko likigusa haki yenyewe, ondoa bango zima, na anayeliondoa alirudishe au atume picha ya ukuta ulivyo sasa.

Kwenye tangazo la marekebisho anza na lililo sahihi. "Kadi ikipotea, bado unaweza kupiga kura kwa kitambulisho kingine kilichotajwa hapa." Usianze na "Si kweli kwamba bila kadi huwezi…", maana anayesikia nusu ataondoka na ile nusu isiyo sahihi.

Na picha za kusambaza WhatsApp zina tatizo lake: watu hukata ukingo, na tarehe iliyokuwa chini inabaki nje. Picha ya uchaguzi uliopita huibuka tena ikiwa na saa na masharti ya zamani, na inaonekana mpya. Tieni tarehe ndani ya sentensi yenyewe: "Kwenye uchaguzi wa Jumapili tarehe 9…", kisha mwezi na mwaka. Hapo hata ikikatwa pande zote nne, anayeipokea miaka mitano baadaye ataona haimhusu.

Msanifu_Kurasa

Na faili la asili lisiwe kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Stika inahitajika usiku wa kuamkia kura, mwenye faili hapatikani, na watu wanaanza kuchapa upya kwa kukisia fonti na vipimo.